Kantri Inayoelea: Mwongozo Kamili wa Kupiga na Kurekodi Kantri ya Saikedelia

Pedali ya fazi, yenye ule mkwaruzo mnene wa gitaa ambao wengi huuhesabu kuwa mali ya roki, ilianzia Nashville. Mwaka 1961 Marty Robbins alitoa wimbo "Don't Worry". Wakati wa kuurekodi, mpiga gitaa Grady Martin akiwa anapiga kipande chake kwenye besi ya nyuzi sita, sehemu moja ya meza ya kumiksi ilikuwa mbovu, na sauti ikatoka imechanika kama nyuki ndani ya debe. Hawakuifuta. Fundi wa sauti, Glenn Snoddy, alikaa na ubovu ule hadi akapata namna ya kuufungia ndani ya kisanduku, na mwaka 1962 Maestro Fuzz-Tone ikaingia madukani. Roki ilikuja kuiazima baadaye.

Kwa hiyo kuchanganya kantri na saikedelia, muziki wa sauti zinazoelea kama ndotoni, si kuwaozesha wageni wawili. The Flying Burrito Brothers walipotoa albamu yao ya kwanza mwaka 1969, mpiga stili wao (gitaa la kulazwa linalopigwa kwa kutelezesha chuma), Sneaky Pete Kleinow, aliichukua ala tamu kuliko zote za kantri akaipitisha kwenye fazi, huku Gram Parsons na Chris Hillman wakiimba kwa sauti mbili zilizobanana kama ndugu. Sikiliza kwa makini: besi imekaa chini, ngoma imekaa chini, maneno yanasikika. Kinachoelea ni kimoja tu. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo. Mifupa ya wimbo ibaki kantri kavu, na kwa kila wakati kitu kimoja ndicho kiruhusiwe kupaa. Ukipaisha vitatu kwa pamoja unaishia kupata ukungu mtupu.

Tutajenga wimbo mmoja wa mapigo 84 kwa dakika, kwenye ufunguo wa G, wenye vipimo 92 vya mapigo manne, yaani karibu dakika 4 na sekunde 23. Namba zote zitakazofuata ni za wimbo huo. Ukibadili mwendo, badili na namba.

Vifaa

Gitaa kavu moja. Gitaa la umeme moja. Telecaster au nakala yake ndiyo desturi, kwa kuwa pikapu yake ya nyuma, kile kinasa mlio wa nyuzi, ina makali yanayopenya hata nyuma ya dilei (mwangwi wa kurudia) nzito. Besi. Kadi ya sauti yenye matundu mawili ya kuingizia, maiki moja ya kondensa, hedifoni nzuri, na kompyuta yenye programu ya kurekodi. Reaper inatosha kabisa.

Kwa pedali unahitaji fazi, dilei, tremolo (inayotikisa ukubwa wa sauti) na pedali ya sauti, ile ya kukanyaga inayopandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka dukani, na ndiyo muhimu kuliko zote nne. Rivabu (mwangwi wa ukumbi) na feiza (inayozungusha rangi ya sauti) unaweza kuziongeza ndani ya kompyuta baadaye.

Stili ya pedali yenyewe, yenye nyuzi kumi, pedali tatu na vyuma vinne au vitano vya kusukumwa kwa magoti, ni ghali, ni nzito, na hutaka miaka ya kuzoea. Tutaiga sauti yake kwa njia mbili hapa chini.

Neno kwa wapiga gitaa wa kwetu: kama mkono wako wa kulia ulilelewa na gitaa kavu la akina Mwenda Jean Bosco wa Katanga, gumba likitembea kwenye nyuzi nene na kidole cha shahada kikijibu juu, basi mkono wa kantri unao tayari. Kilichobaki ni kulifundisha gumba kupokezana nyuzi mbili bila kuchoka.

Kodi na mwendo

Wapigaji wa studio za Nashville huandika kodi kwa namba, mtindo uliobuniwa na Neal Matthews wa kundi la The Jordanaires, ili mwimbaji akitaka kupanda au kushuka asiwepo wa kuandika upya. Wimbo wetu ni huu:

Ubeti, vipimo 8, urudie mara mbili:
1 1 4 1 / 1 1 5 5
yaani G G C G / G G D D

Kiitikio, vipimo 8:
4 4 1 1 / 7 iliyoshushwa, 4 1 1
yaani C C G G / F C G G

Ubeti huo ungeweza kuimbwa na mtu yeyote aliyekulia kwa Jim Reeves, na Kenya watu hao ni wengi. Saikedelia inaingia kwenye ile F moja. Skeli ya kawaida ya G ina F kali, noti iliyo nusu hatua chini ya G, na kazi yake ni kuuvuta wimbo urudi nyumbani. Ukiiondoa na kuweka F ya kawaida, wimbo unaacha kuwa na haraka ya kurudi. Unaning'inia. Kosa linalofanyika mno hapa ni kuitoa F na kwenda D moja kwa moja: ndani ya D imo ile F kali, zinagongana sikioni, na msikilizaji anadhani umekosea kodi. Ipitishe F kwenda C kwanza, kila mara.

Njia ya pili ya kuufanya wimbo uelee bila pedali yoyote ni noti isiyokoma. Kwenye gitaa kavu shusha uzi wa sita na wa kwanza, zote kutoka E hadi D, upate D A D G B D. Sasa popote kodi inapokwenda, acha uzi wa tatu (G) na wa kwanza (D) vilie wazi. Juu ya C zinakuwa pambo, juu ya F zinakuwa ukungu mwepesi, na ukirudi G zinakuwa nyumbani tena. Mkono wa kushoto umefanya kazi ndogo, sikio limesafiri mbali.

Kuna pia mbinu ya kubadili mapigo katikati ya wimbo. Lee Hazlewood na Nancy Sinatra walifanya hivyo mwaka 1967 katika "Some Velvet Morning": Hazlewood anaimba kwa mapigo manne, Nancy anaingia kwa matatu. Ni mbinu nzuri, lakini iache hadi wimbo wa pili au wa tatu. Mpiga ngoma ambaye hajaizoea ataibomoa.

Besi na ngoma: hapa hakuna kuelea

Besi inapiga noti ya kwanza ya kodi kwenye pigo la 1, na ya tano yake kwenye pigo la 3. Kwenye G ni G kisha D. Kwenye C ni C kisha G. Basi. Kabla ya kurekodi chukua kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kikate ukubwa wa kidole, ukisukume chini ya nyuzi karibu na daraja la besi. Noti zitakuwa fupi na nene, na zitaacha nafasi kwa kila kitu kitakachoelea juu yake. Bila sponji, mkia wa noti za besi unaingia kwenye mkia wa dilei, na kuanzia 100 hadi 250 Hz wimbo unakuwa matope ambayo ikolaiza haiwezi kuyasafisha.

Ngoma ipigwe kwa brashi au kwa vijiti vilivyofungwa pamoja. Kiki (ngoma kubwa ya mguu) kwenye 1 na 3, snea (ngoma ndogo ya mkono) kwenye 2 na 4. Kama snea inalia sana, tandika juu yake taulo jembamba lililokunjwa mara moja. Kama huna mpiga ngoma, tumia sampuli, ila usizipange zote kwa ukubwa mmoja: pigo la 4 liwe na nguvu kidogo kuliko la 2, na brashi za katikati zipungue karibu theluthi. Mashine inayopiga sawasawa ndiyo inayofanya kantri ya nyumbani isikike kama mlio wa simu.

Gitaa la umeme: kuvuta uzi mmoja, kushika mingine

Clarence White na Gene Parsons walitengeneza Telecaster iliyofungwa mtambo ndani yake, unaouvuta uzi wa pili hatua nzima pale mpigaji anapoushusha shingo wa gitaa na mkanda wa begani ukavutika. Lengo lilikuwa kupata kile kilio cha stili. Bila mtambo huo, vidole vinatosha, ila viwe sahihi.

Tuanze na C. Weka kidole cha pete kwenye uzi wa pili freti ya 8 (G), na kidole cha mwisho kwenye uzi wa kwanza freti ya 8 (C). Kidole cha kati kiweke uzi wa tatu freti ya 7 (D), na cha shahada kikae nyuma yake kukisaidia. Piga nyuzi zote tatu kwa pamoja, kisha sukuma uzi wa tatu peke yake kuelekea uzi wa nne, hadi D iwe E. Zile mbili zisisogee hata kidogo. Kujua umefika, piga uzi wa tatu freti ya 9 kabla ya kuanza: hiyo ndiyo E unayoitafuta. Ukitaka D, pandisha mkono wote freti mbili. Umbo ni lile lile.

Kinachoharibika hapa ni kimoja. Mkono unapouvuta uzi wa tatu, kifundo kinageuka na kuzivuta zile mbili nazo kidogo, na kodi nzima inakuwa chungu. Kwenye sauti kavu inapita. Kwenye dilei ule uchungu unarudiwa mara nne. Fanya mazoezi bila pedali, polepole, mapigo 60, hadi nyuzi mbili za juu zisikike kama zimepigiliwa misumari. Nyuzi za unene wa 9 au 10 ndizo zinazofaa. Za 11 zitakuumiza bure.

Stili bila stili

Chukua gitaa la umeme la pili, hata bovu, lishushe nyuzi uwe na D A D F kali A D. Nyuzi zinazobadilika zote zinashuka, hivyo hakuna hatari ya kukatika. Pandisha nyuzi pale kichwani kwa kipande cha chuma au plastiki ngumu, zikae juu kama milimita 8 hadi 10, zisiguse freti. Lilaze mapajani. Kwa chuma cha kutelezesha, soketi ndefu ya spana iliyo laini inafanya kazi. Ikiwa na mikwaruzo, isugue kwanza kwa msasa mwembamba wa maji, la sivyo utasikia kila mkwaruzo ukipita kwenye uzi.

Faida ya kutyuni hivi ni kwamba kodi zote za wimbo wetu ziko chini ya chuma kimoja kilichonyooka: G ni freti ya 5, C ni ya 10, D ni ya 12, F ni ya 3. Chuma kikae juu kabisa ya waya wa freti, sio katikati ya freti mbili kama kidole. Watu hukosea hapo, wanatoka chini ya noti kwa robo hatua nzima, halafu wanalaumu gitaa. Vidole vya nyuma ya chuma vilale juu ya nyuzi ili kuzima mlio wa upande wa pili.

Sasa mguu. Pedali ya sauti ina maisha mawili, na muziki huu wote unaishi kati ya hayo mawili.

Mguu wa kantri unaanza nusu. Pedali iko katikati, unapiga uzi, mshindo wake unasikika, na kadiri sauti inavyofifia mguu unasukuma taratibu kuirudishia nguvu. Noti inabaki na ukubwa mmoja kwa mapigo matatu au manne, kama mtu anayeimba bila kupumua.

Mguu wa saikedelia unaanza sifuri. Pedali imefungwa kabisa, unapiga uzi hakuna kinachosikika, kisha unafungua ndani ya pigo moja, kwa mwendo wetu milisekunde 714. Mshindo wa kidole umepotea. Sauti inaingia kama taa inayopandishwa. Ifunge kabla hujahamisha chuma, vinginevyo mtelezo wote utasikika, na mtelezo ukisikika kila mara unakuwa kichekesho.

Beti zote mbili tumia mguu wa kwanza. Daraja la wimbo, ile sehemu ya kabla ya kiitikio cha mwisho, tumia wa pili. Mpigaji ni yule yule, gitaa ni lile lile, na wimbo umebadilika rangi bila kuongeza pedali hata moja.

Mpangilio wa pedali

Usichokuwa nacho kiruke: gitaa, fazi, tyuna, kompresa, feiza, pedali ya sauti, tremolo, dilei, rivabu, amplifaya au kadi ya sauti.

Fazi iko mbele kabisa, hata kabla ya tyuna, kwa sababu fazi za mtindo wa zamani, hasa zenye transista za jeremaniamu, zinataka kuunganishwa moja kwa moja na pikapu. Ukiweka mbele yake pedali inayoimarisha mawimbi hata ikiwa imezimwa, sauti inakuwa nyembamba na yenye makali ya kukera, na kitufe cha sauti cha gitaa kinaacha kuisafisha fazi unapokipunguza. Angalia pia umeme wake: baadhi ya fazi hizo zina chanya na hasi zilizogeuzwa. Ukiichomeka kwenye waya mmoja wa umeme pamoja na pedali nyingine, unatengeneza shoti. Ipe betri yake ya volti 9.

Kompresa na fazi zisiwake kwa wakati mmoja. Kompresa inapandisha vilivyo vidogo, na kilicho kidogo kwenye fazi ni kelele.

Pedali ya sauti iwe kabla ya dilei. Ukiiweka baada yake, kila unapofunga mguu unakata na mkia wa mwangwi, na kuelea kote kunakatika kama umeme wa mgao.

Feiza si ya lazima, ila haina ugeni kwa kantri: Waylon Jennings aliitumia kwenye Telecaster yake miaka ya 1970 na ikawa kama saini. Iweke polepole, mzunguko mmoja kwa vipimo viwili, yaani karibu sekunde 5.7.

Fazi yenyewe ipigiwe noti moja moja, au noti ya kwanza na ya tano. Ukipiga kodi kamili yenye ya tatu ndani yake, mkwaruzo unazaa noti mpya zisizokuwamo, jumla na tofauti za zile ulizopiga, na nyingi kati yake haziko kwenye skeli yoyote. Ndiyo maana kodi tamu ya G ikipita kwenye fazi inanguruma kama lori lenye injini mbovu.

Namba za dilei na tremolo

Gawanya 60,000 kwa mapigo ya wimbo, upate urefu wa pigo moja kwa milisekunde. Kwa 84 ni 714. Nusu yake ni 357. Robo tatu yake ni 536.

Sauti ya mwimbaji: rudio moja tu, kati ya milisekunde 90 na 120, bila kulinganishwa na mapigo. Hili ndilo kofi la nyuma la kantri ya zamani, na linaipa sauti mwili bila kuipeleka mbali.

Stili: 536, marudio matatu, ukubwa wa mwangwi robo ya sauti asilia. Kwa 536 marudio yanaangukia kwenye nafasi kati ya mapigo, kwa hiyo hayafunikwi na snea. Ukitumia 714, kila rudio linaanguka juu ya pigo lenyewe na kupotea. Utaongeza ukubwa ukidhani dilei ni ndogo, na miksi itajaa.

Gitaa la umeme kwenye ubeti: tremolo badala ya dilei. Mitikisiko 2.8 kwa sekunde ni nusu-pigo, 4.2 ni tatu kwa pigo, na hii ya pili ndiyo yenye ulevi zaidi. Kina kisizidi asilimia 60. (Usibabaishwe na amplifaya za Fender za miaka ya 1960 zilizoandikwa Vibrato. Nyingi zinafanya tremolo.)

Daraja: vipimo 24 vya kupaa

Mpango wa wimbo wote: utangulizi vipimo 4, ubeti 16, kiitikio 8, ubeti 16, kiitikio 8, daraja 24, kiitikio 8, mkia 8. Kwenye daraja besi inabaki G na D vile vile, gitaa kavu linabaki na nyuzi zake wazi, na kila vipimo 8 vina mwenyewe.

Vipimo 8 vya kwanza ni stili yenye fazi, mguu wa sifuri, noti ndefu za G, F na D.

Vipimo 8 vya pili ni gitaa lililogeuzwa nyuma. Fanya hivi:

1. Toa vipimo hivyo 8 vya besi, ngoma na gitaa kavu kama faili moja, na uigeuze faili hiyo.
2. Isikilize mara kadhaa hadi uzoee mwendo wake wa kinyumenyume. Hapa bahati nzuri kodi ni G peke yake. Kama zingekuwa nyingi, ungezisoma kuanzia mwisho.
3. Juu yake rekodi kipande chako cha gitaa. Piga noti chache, kila moja iache ife yenyewe. Mkia wa noti unayopiga ndio utakaokuwa mwanzo wake, kwa hiyo noti fupi haina cha kugeuza.
4. Geuza kipande chako pekee, kiweke juu ya wimbo wa kawaida, na ukisogeze kwa milisekunde 20 hadi 40 mbele au nyuma mpaka vilele vyake viangukie kwenye mapigo.

Wengi hugeuza kipande walichokipiga juu ya wimbo wa mbele. Kinatoka na noti zinazogonga mahali pasipo pake, halafu wanakizika kwenye rivabu kuficha. Hatua ya kwanza na ya pili haziruki.

Vipimo 8 vya mwisho ni dilei inayochemka. Cheza noti moja, pandisha marudio taratibu hadi yaanze kujilisha yenyewe, zungusha kitufe cha muda kidogo, sauti ipande na kushuka kama king'ora cha mbali. Weka mkono mmoja kwenye kitufe cha ukubwa kabla ya kuanza: dilei ikishaanza kujilisha, hupanda ghafla hadi kuumiza masikio na spika. Kipimo cha mwisho cha nane, ikate kabisa. Kiitikio kiingie kikavu. Hicho kimya cha ghafla kina nguvu kuliko kelele yote iliyotangulia.

Kurekodi na sauti ya mwimbaji

Rekodi kwa biti 24, vilele vifike karibu -10 dB. Gitaa kavu: maiki sentimita 20 hadi 30 kutoka freti ya 12, ikielekea kidogo kwenye mwili. Ukiielekeza kwenye tundu, utapata mngurumo. Godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji linasaidia kuliko povu la bei kubwa lililobandikwa nyuma ya maiki. Chini ya bati, angalia mvua. Kompresa itaileta mbele hata kama hukuisikia ukiimba.

Mwimbaji aimbe wazi. Maneno ya kantri ni ya vitu: lori, jiko, barua, mguu wa kiti. Acha taswira moja tu ya ajabu katika ubeti wa pili. Muziki utafanya iliyobaki. Sauti ya pili iimbwe noti ya tatu ya skeli juu ya ya kwanza, na waimbe wote wawili wakitazamana vinywa, kwa sababu herufi za mwisho zisipofungwa pamoja, dilei inazigeuza kuwa mvua ya "s" na "t".

Kwa neno moja unalotaka liingie kama linatoka kwenye ndoto, nakili neno hilo kwenye traki mpya, ligeuze, weka rivabu ya sekunde 3 hadi 4 bila sauti asilia, ihifadhi, kisha geuza matokeo. Sasa una mkia unaokuja kabla ya neno. Uweke uishe pale pale neno la kweli linapoanza. Mara moja kwa wimbo, mbili ukizidisha.

Miksi

Anza na sauti ya mwimbaji na besi tu. Zikikaa vizuri, ongeza ngoma, kisha gitaa kavu. Wimbo usikike umekamilika hapo, kama kantri ya kawaida. Kama hausikiki, rudi kwenye kupiga. Usifungue traki za kuelea.

Mwimbaji, besi na kiki viwe katikati. Gitaa kavu kushoto nusu ya njia, stili kulia kiasi hicho hicho, na mwangwi wa stili upeleke kushoto, upande wa pili wa noti yake. Rivabu ziwe moja au mbili kwa wimbo mzima. Kwenye njia ya rivabu kata chini ya 300 Hz na juu ya 6,000 Hz, na uicheleweshe milisekunde 40 hadi 60 ili neno litoke kwanza, ukumbi ufuate.

Sikiliza kwa spika moja. Feiza na athari za korasi zinazotanuliwa pande mbili kwa kugeuza mawimbi ya upande mmoja zinafutana zikiunganishwa, na daraja lako linaweza kutoweka lote kwenye simu ya mtu. Ikitokea hivyo, punguza utanuzi hadi nusu au rudisha athari hiyo katikati.

Mkia wa vipimo 8: toa ngoma kwenye cha kwanza, besi kwenye cha tatu, stili kwenye cha tano. Gitaa kavu libaki na nyuzi zake wazi hadi la mwisho, kavu kabisa, kidole kikisikika kikiachia uzi. Unapotoa faili, ongeza sekunde 6 baada ya noti hiyo, kwa kuwa programu nyingi hukata pale traki inapoishia na si pale mwangwi wa stili unapokufa.